Injini ya Shangazi Itoke au Isitoke

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa gari, tena gari la zamani, rangi yake maziwa yaliyodondoshewa chai, taa zake za mbele zimetokeza kama macho ya mtu aliyeulizwa swali asilolitazamia. Jina hilo alipewa na watoto wa nyumba ile walipokuwa wadogo, kwa sababu kila alipofika mahali alifika kwa kelele, akajaza uwanja harufu yake, akataka apishwe njia, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Watoto hao sasa ni watu wazima wenye watoto wao, lakini jina lilishagoma kutoka.

Mwenye gari alikuwa mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, maana udereva aliuanza ndevu zinachipua, akauacha zimekuwa pamba. Mkewe aliitwa Bibi, basi, na habari hii ni yake zaidi kuliko ya mumewe, kwani yeye ndiye aliyejitwisha mzigo.

Yalianza pale macho ya Dereva yalipoingia ukungu. Daktari alimpima, akampima tena, akamwambia kwa upole kwamba usukani sasa basi. Dereva akarudi nyumbani, akaketi, akavua viatu taratibu.

"Kasemaje?" Bibi akauliza.

"Kasema nina ruhusa ya kuendesha redio."

Wakacheka, kisha kicheko kikaisha, wakabaki wanatazama zulia.

Jioni hiyo hiyo kifungua mimba wao akapiga simu kutoka huko mbali anakofanya kazi. Habari zilikwisha kumfikia. Akasema gari lisilo na dereva ni banda la kuku, na yeye anamjua mtu mmoja anayekusanya magari ya kale, anayafuta vumbi na kuyaweka ndani ya ukumbi, watu waje wayatazame. Akija likizo atamchukua Shangazi, ampeleke huko akatunzwe.

Bibi alikuwa anakata vitunguu. Akajifuta mikono kwenye kanga, akamnyang'anya mumewe simu.

"Nani kakwambia hana dereva? Dereva ni mimi."

Upande wa pili mwana akakohoa.

"Mama, wewe huna leseni."

"Na wewe ulizaliwa huna meno. Sasa hivi unatafuna nini?"

Mwana alicheka, akashindwa kuacha, na mtu akicheka namna hiyo ameshashindwa kesi. Wakakubaliana: mama akifaulu mtihani wa udereva kabla ya likizo yake, hatasema tena habari za ukumbi. Asipofaulu, Shangazi anakwenda. Bibi akakata simu, akarudi kwenye vitunguu, na machozi yaliyomtoka hakuna aliyejua ni ya nini.

Basi akaanza kujifunza. Mwalimu alikuwa mumewe, aliyeona barabara kama mtu aonavyo kupitia kioo cha bafuni, lakini masikio yake yalikuwa makali kama ya paka. Gia za Shangazi hazikuwa sakafuni kama za magari ya siku hizi. Zilikuwa shingoni mwa usukani, kijiti chembamba kinachovutwa na kusukumwa kama mkono wa pampu. Aliyejifunza kwa Shangazi hawezi gari jingine, na aliyejifunza kwa jingine humshika Shangazi kama anashika nyoka. Bibi alimweza. Kwenye tambarare alikwenda vizuri, kona alikata vizuri, na kurudi nyuma alirudi huku akisema "samahani, samahani" kwa miti.

Tatizo lilikuwa mlima. Mtihani wa mji ule ulimalizikia kila mara kwenye mteremko wa tangi la maji. Unapanda mpaka katikati, mtahini anakwambia simama, unavuta breki ya mkono, halafu unaondoka tena bila kurudi nyuma hata unyayo mmoja. Kila Bibi alipofika hapo injini ilinguruma kwa ghadhabu, na gari likasimama palepale kama mtu anayetukana akiwa kitandani. Mguu haukuwa na kosa. Klachi ilikuwa inateleza.

Wakamwita Fundi.

Fundi alikuwa mdogo wake Bibi, tumbo moja, mwenye gereji upande wa pili wa mji. Yeye na Dereva walikuwa mashemeji wa kutaniana tangu siku ya posa, na utani wao ulikuwa hauna mapumziko. Akaingia chini ya gari, miguu ikabaki nje, na baada ya muda akatoka na doa la oili katikati ya paji la uso.

"Dada," akasema, "Shangazi anavuja. Nyuma ya injini kuna sili ya mpira, imechoka, oili inapenya inaingia kwenye klachi. Klachi iliyolowa oili ni kama sabuni bafuni. Unaikamata, inakukimbia."

"Dawa yake?"

"Sili mpya na sahani mpya ya klachi. Ila kufika huko, lazima tutoe injini. Magari mengine ungeshusha gia boksi kwa chini ukamaliza. Huyu mwenzetu amechomewa mtambaa wa chuma chini yake, mnene kama kizingiti. Injini itoke kwa juu."

"Injini haitoki," Dereva akasema.

"Inatoka na inarudi, shemeji."

"Waliosema hivyo ni wengi, na magari yao yanaota majani. Tangu nimnunue, injini hii haijaacha kiti chake. Ukishaitoa, gari si lile tena."

"Shemeji, usipoziba ufa..."

"Methali za kuta wapelekee waashi. Hii ni injini."

Bibi alisimama katikati yao, ameshika birika. Akamuuliza mdogo wake: itachukua muda gani? Fundi akajikuna. Mtihani ulikuwa wiki iliyofuata. Sili anayo, sahani ya klachi ya gari la umri huo lazima iagizwe. Ikija upesi, Shangazi atakuwa barabarani kabla ya mtihani, lakini kwa taabu, na siku zote za katikati Bibi hatakuwa na gari la kujifunzia. Ikichelewa, mtihani umempita, na likizo ya mwana imefika.

Hapo ndipo Bibi alipouona ugumu wenyewe. Injini ikibaki, atashindwa mlimani. Injini ikitoka, huenda asifike hata huo mlima.

"Tulale, tufikiri," akasema.

Lazima ujue kwamba Dereva alikuwa na kazi yake ya asubuhi. Kila alfajiri aliamka kabla ya wote, akavaa kofia yake ya kazi, akaenda kibandani kumwasha Shangazi. Hakwenda popote. Alisimama tu, kikombe mkononi, akisikiliza, mpaka chai ikapoa. Kisha alizima, akaingia ndani, akatoa ripoti: leo kaamka na furaha, leo ana kikohozi, leo kanuna. Bibi alizizoea ripoti hizo kama wengine wanavyozoea habari za hali ya hewa.

Asubuhi iliyofuata hakusikia injini. Alisikia mtu anapiga chafya. Akatoka, akamkuta mumewe anatambaa kutoka chini ya gari, mweupe kichwa hadi kifua, hata kope.

"Umefanya nini, baba watoto?"

"Nimemtibu. Zamani sisi barabarani hatukuwa na mafundi. Klachi ikilowa, kuna tundu dogo pale chini; unapuliza poda, inanyonya oili, unaendelea na safari. Washa gari. Twende mlimani."

Wakaenda. Na kweli! Shangazi alipanda ule mteremko kama anafukuzwa. Bibi akasimama katikati, akavuta breki, akaachia, akaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Dereva alipiga dashibodi kwa kiganja. "Injini itoke! Injini itoke!" akamkejeli shemeji yake asiyekuwepo. "Waambie mafundi wa siku hizi!"

Bibi alikuwa anacheka pia. Kisha akanusa.

"Kuna mtu anaoka mkate."

"Watu wanaamka, wanaoka," Dereva akasema.

Lakini walipita duka la vitambaa, harufu ikawafuata. Wakapita shule, harufu ikawafuata. Kwenye njia panda Bibi akakanyaga klachi ili asimame, na Shangazi hakujali. Akakanyaga mpaka goti likagusa usukani. Gari linakwenda tu. Akashika breki, injini ikakata. Alipowasha tena, gia ikiwa imeng'ang'ania, gari likaruka mbele kama chura. Likakata. Akawasha. Likaruka. Wakarudi nyumbani hivyo, mruko kwa mruko, Dereva ameshikilia kofia kichwani, na watu barabarani wakiwapungia mikono wakidhani ni sherehe.

Kufika jikoni, Bibi akaangalia rafuni. Palikuwa na makopo mawili yanayofanana kama mapacha. La poda lilikuwa limejaa. La unga wa ngano lilikuwa tupu.

Fundi alipokuja, hata hakuingia chini ya gari. Alifungua boneti, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Shemeji, mkate huu umetia chumvi?"

Dereva akajipukuta unga kwenye kope.

"Maana naona umeumuka. Unga na oili, juu ya chuma cha moto. Klachi imegandana kama vitumbua kwenye kikaango kibovu. Jamani, nimefungua magari yenye panya, nimefungua gari lenye nyuki. Gari lenye kifungua kinywa, hili ni la kwanza!" Akakaa chini kabisa, mgongo kwenye gurudumu, akacheka mpaka akaomba maji.

"Makopo yalifanana," Dereva akasema, ameshika kiuno. "Na injini bado haitoki. Unga utakauka, utapukutika wenyewe."

"Utapukutika utokee wapi? Panya wataletewa mwaliko?"

"Haya," Bibi akakata maneno. "Viti."

"Dada, tuna kazi."

"Nimesema viti."

Katika nyumba ile palikuwa na desturi ambayo majirani waliicheka, lakini haikuwahi kuwaangusha. Bibi aliianzisha zamani, mwaka waliogombania mlango wa jiko utazame wapi. Jambo likiwashinda, kila mtu anakalia kiti cha mwenzake na kusema maneno ya mwenzake, si yake mwenyewe. Anasema mpaka mwenye kiti akiri kwa kinywa chake: umenisema. Ukimsema vibaya kwa makusudi, unaanza upya. Wote wakishasemwa, anayeamua ni yule mwenye kupoteza zaidi.

Kiti cha Dereva kilikuwa kiti cha gari bovu alichokiwekea miguu ya mbao. Cha Bibi ni kigoda chenye mto. Fundi kila akija alikalia kreti ya soda iliyopinduliwa. Wakabadilishana: Dereva akakaa kwenye kreti, magoti yakimfika kidevuni, Fundi akajibana kwenye kigoda, Bibi akajitupa kwenye kiti cha mumewe, kikalia kwii.

Dereva akaanza. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, kama afanyavyo shemeji yake. "Mimi ni fundi. Nimekuja nimechelewa, na nitakula kabla sijagusa nati hata moja."

"Hujanisema!" Fundi akaruka.

"Subiri, ndiyo kwanza nashiba." Kisha Dereva akatulia, akatazama mikono yake, na sauti ikabadilika. "Mimi ni fundi. Sili ile ni mpira tu. Imekaa kwenye moto tangu dada yangu ana kiuno chembamba..."

"Uchunge mdomo wako," Bibi akasema.

"...na mpira ukikaa sana kwenye moto unakakamaa. Ukikakamaa hauzuii kitu. Umwage poda, umwage unga, umwage machozi, oili itapita. Leo inalowesha klachi. Kesho itaisha yote huko ndani bila mtu kujua, vyuma visagane, na siku hiyo injini itatoka kweli, lakini itatoka moja kwa moja kwa wanunua vyuma chakavu." Alionekana kama mtu aliyesikia habari kutoka kwa mgeni.

"Umenisema," Fundi akajibu kwa sauti ndogo. "Umenisema kuliko ninavyojisema."

Zamu ikawa ya Fundi. Akajifunika kanga ya dada yake kichwani, akabana sauti. "Mimi ni mkubwa wa nyumba ya baba yangu. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni, na sijaacha kumkumbusha." Wakacheka wote. Akavuta kanga, ikamwangukia mabegani, akaiacha hapo. "Maisha yangu yote nimekaa kiti cha pembeni, nimepakata mkoba na chakula cha njiani. Mume wangu akisema tunapumzika hapa, tunapumzika. Akisema twende, twende. Sikuwahi kulalamika, safari zilikuwa tamu. Lakini nilipoushika ule usukani, mikono yangu ilisema mbona ulituchelewesha. Siendi kwenye mtihani kwa ajili ya ukumbi wa mtu wala kwa kumkomoa mwanangu. Nataka kuendesha. Nataka nimwambie mume wangu: funga mlango vizuri, tunaondoka."

Bibi hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo, hata yeye mwenyewe. Akaziba kinywa kwa ncha ya kanga yake ya pili. "Umenisema, mdogo wangu."

Ikabaki zamu yake. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, vidole vimetanuka, kama mumewe akisikiliza taarifa ya habari.

"Mimi ni Dereva. Sitaki injini itoke kwa sababu shemeji yangu ni mzembe."

"Kweli kabisa," Dereva akasema. "Umenisema, tumemaliza."

"Hatujamaliza. Mimi ni Dereva. Macho yamekwenda. Usukani umekwenda. Kila asubuhi navaa kofia yangu, namwasha Shangazi, namsikiliza mpaka chai inapoa. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Injini ikilala juu ya turubai, asubuhi nitavaa kofia niende wapi?"

Jogoo wa jirani aliwika bila sababu. Hakuna aliyecheka. Dereva aliinama, akaokota msumari mdogo sakafuni, akaugeuza, akauweka mfukoni.

"Umenisema," akasema.

Wakamtazama Bibi. Uamuzi ulikuwa wake, kwani mwenye mtihani wa kupoteza ni yeye, na alikuwa ameshika pande zote za kiti kama kinaondoka. Alijua kwamba akisema itoke, huenda anautupa mtihani kwa mkono wake. Lakini alikuwa amemsikia mumewe kwenye kreti, na aliyoyasikia hayakuwa ya kubishiwa.

"Itoke," akasema. "Ila kofia utavaa. Kila asubuhi. Mimi nitakaa kwenye usukani, wewe utakaa pembeni yangu, utakuwa injini."

"Nitakuwa nini?"

"Injini. Unaijua sauti yake kuliko yangu. Utanguruma. Nikikosea klachi, unazima. Nikipatia, twende."

Fundi alitazama huku na huku, kisha akavua kanga, akaikunja vizuri. "Mimi naenda kuleta spana," akasema, "kabla sijaambiwa niwe gia boksi."

Jirani yao, mchomeaji vyuma, aliwaazima mabomba matatu marefu yaliyofungwa kileleni, na winchi ya mnyororo ikaning'inizwa hapo. Boneti ikatolewa, ikaegemezwa ukutani. Rejeta ikatoka, mipira ikatoka, nyaya zikafungwa vitambaa vya rangi ili zijulikane, na Bibi ndiye aliyechana vitambaa, kutoka kwenye magauni ambayo hayakumwenea tena. Boliti ya kwanza ya kushika injini Fundi hakuigusa. Alimpa shemeji yake spana.

"Ianze wewe."

"Siioni."

"Nani kasema uione? Ifuate kwa kidole."

Dereva akaingiza mkono mpaka begani, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayeandika. Akaipata. Ikagoma. Akaikemea kwa maneno ambayo Bibi alijifanya hakuyasikia, nayo ikalia kwaa, ikalegea. Mchomeaji akapiga makofi.

Winchi ikavuta, pingili kwa pingili. Injini ikajinyanyua, ikayumba, ikatoka kwenye tumbo la Shangazi ikaning'inia juani, nyeusi, inadondoka tone moja moja. Majirani walikuwa wamekuja kuitazama. Dereva akanyoosha mkono, akaishika kwa chini, kama anavyoshikwa mtoto kitako.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ni kubwa zaidi."

"Hata mimi nilidhani hivyo juu yako," Bibi akamwambia, na kicheko cha majirani kikawafanya kuku wakimbie.

Ndani ya nyumba ya klachi walikuta ganda la kahawia, gumu, limekaa mviringo. Fundi akalibandua zima zima, akaliweka kwenye sahani, akampelekea shemeji yake kwa mikono miwili. "Karibu. Samahani, siagi imekwisha."

Asubuhi iliyofuata Dereva alivaa kofia. Alitoka na kikombe chake, akafungua mlango wa abiria, akaketi, akauona uwazi ulio mbele, pale injini ilipokuwa, akakohoa. Bibi alikuwa tayari nyuma ya usukani, amevaa viatu vya kutokea.

"Nawasha," akasema, akageuza ufunguo.

Dereva alitazama kushoto, akatazama kulia. Mchomeaji alikuwa ukutani, anajifanya anasafisha miwani yake.

"Gari limegoma kuwaka," Bibi akasema. "Betri labda."

"Ng'i-ng'i-ng'i-ng'i," Dereva akaanza, kwa aibu, ndani ya kikombe. "Ng'i-ng'i... vruuu."

"Sauti ndogo. Leo kanuna?"

"VRUUUU!" Dereva akasema, na kutoka hapo hakuwa na aibu tena. Bibi akatia gia ya kwanza, akaachia klachi haraka mno. "Kh! Kh! Pu," Dereva akazima. "Umeniua. Rudia." Akarudia. Akamuua tena. Mara iliyofuata aliachia polepole, na mumewe akaanza kupanda sauti, kutoka tumboni, ikapanda, ikapanda, mpaka Bibi akasikia pale pale ambapo injini hushika, kile kijisauti kinachoinama kidogo kabla gari halijasogea. Kwenye gari lenye injini alikuwa hajawahi kukisikia kijisauti hicho, kwa sababu ya woga na kelele. Sasa alikisikia wazi, kwa sababu mtu alikuwa anakisema.

"Hapo!" akapiga kelele. "Hapo ndipo!"

"Hapo ndipo," Dereva akasema, amekosa pumzi, uso umemwiva kwa furaha. "Mlimani, ukisikia hapo, achia breki."

Siku zile walipanda mlima mara nyingi bila kutoka kibandani. Wakaenda sokoni, wakaenda hospitali, wakapita barabara ya zamani ya masafa marefu ambayo Dereva aliijua kona kwa kona. Yeye anasema kona, Bibi anakata. Anasema lori linakuja, Bibi anapisha na kulishukuru. Kikombe cha chai kilipoa kwenye dashibodi kila asubuhi. Mchomeaji aliacha kujificha, akaja na kiti chake, akawa abiria wa nyuma.

Sahani ya klachi ilichelewa. Ilifika jioni ambayo Bibi alikwisha kujiambia kwamba mtihani si roho. Fundi akaifunga injini usiku kucha na mchomeaji akamshikia taa, na asubuhi ya mtihani Shangazi akawaka kwa sauti yake mwenyewe. Dereva akasikiliza, kofia kichwani. Hakutoa ripoti ya kikohozi wala ya kununa. Alisema tu, "Kumbe sikuwa mbali sana."

Mtahini alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata. Akaingia, akajifunga mkanda, akatazama kijiti cha gia shingoni mwa usukani.

"Hiki kinaendaje, Bibi?"

"Tulia, mwanangu. Utaona."

Wakaenda. Tambarare, kona, kurudi nyuma. Miti iliombwa samahani. Wakafika mteremko wa tangi la maji, katikati, na mtahini akasema simama. Bibi akasimama, akavuta breki ya mkono. Nyuma yao mkokoteni wa maji ukaja ukasimama karibu mno, madebe yamejaa mpaka juu. Bibi aliuona kwenye kioo.

Akakanyaga klachi, akatia gia, akaanza kuachia. Na hakujua kwamba anafanya hivyo, lakini alikuwa ananguruma.

Mtahini akageuka. "Bibi, ni wewe au ni gari?"

"Sote wawili. Ninyamazie kidogo, baba, nasikiliza."

Akasikia. Kile kijisauti kikainama. Akaachia breki, na Shangazi hakurudi nyuma hata upana wa ukucha; alijikusanya, akainua pua, akapanda, na mkokoteni wa maji ukabaki kule chini ukawa mdogo. Kileleni mtahini aliandika, akaandika, kisha akafunga kalamu.

"Umefaulu. Nilishamaliza, lakini kama hujali, tuteremke tupande tena? Babu yangu alikuwa na gari la hivi."

Wakapanda tena, mtahini ameweka kiwiko dirishani.

Dereva na Fundi walikuwa wanasubiri kwenye benchi ya ofisi ya leseni, wanabishana kuhusu boliti. Bibi hakushuka. Alipiga honi. Fundi akaingia nyuma, akalala usingizi kabla mlango haujafungwa, maana hakuwa amelala tangu jana. Dereva akazunguka kwa kupapasa boneti, akaketi kiti cha pembeni, akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Funga mlango vizuri," Bibi akamwambia. "Tunaondoka."

Akaufunga. Mpaka njia panda mikono yake haikujua iwekwe wapi. Halafu akasikia gari linapinda upande usio wa nyumbani, na upepo wa barabara kubwa ukaingia kwa dirisha.

"Mama watoto, nyumbani ni huko tulikoacha."

"Nyumbani hapatembei," Bibi akasema, akabadilisha gia. "Tutapakuta palepale. Niambie kona iliyo mbele, ya kushoto au ya kulia?"

Dereva aliegemea nyuma, akafumba macho ambayo hata yakifumbuliwa hayakumsaidia sana, akainusa barabara.

"Kushoto," akasema. "Halafu kuna daraja. Halafu ongeza mwendo, hapo ni pazuri."